Sista Adero Apima Kilio

Dorca Adero alikuwa na miaka arobaini na sita alipoanza kupima kilio cha watoto kwa saa ya kupimia wakimbiaji, na mjini Kisumu hakupatikana mtu wa kumwelewa.

Alizaliwa upande wa Awasi, akasomea uuguzi, akafanya kazi katika wodi za watoto zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa mwanamke wa saa zake. Akisema saa moja asubuhi, ilikuwa saa moja, na nesi aliyefika saa moja na dakika nne alimkuta amesimama mlangoni kimya, jambo lililoumiza kuliko kukaripiwa. Daftari lake la wodi halikuwa na neno lililofutwa. Akikosea, alipiga mstari mmoja juu ya kosa ili kila mtu aendelee kulisoma, kisha akaandika sahihi pembeni na kutia jina lake. Watu wa namna hii ni wachache, na kuishi nao si rahisi, lakini bila wao sijui hospitali zetu zingekuwa nini.

Jambo lililomsumbua lilianza akiwa mwanafunzi. Siku ya kwanza ya chanjo, mkubwa wake alimwagiza amlaze mtoto wa wiki sita kwenye benchi na kumkandamiza miguu. Mtoto alipiga kelele hadi akawa wa zambarau. Mkubwa akamwambia, "Mkandamize tu. Mtoto wa umri huu hana kumbukumbu." Dorca akakandamiza. Aliendelea kukandamiza miaka yote iliyofuata, maelfu ya miguu midogo, mpaka siku alipojiuliza ni nani aliyewahi kuuliza watoto. Akatafuta vitabuni na asimwone mtu. Basi akaamua kuuliza mwenyewe, na njia ya kuuliza ili wakubwa wakusikilize ni shahada ya uzamifu, ile ambayo watu huiita PhD.

Chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilimkubali mwaka 1991 asomee uuguzi wa watoto wa ngazi ya juu kabisa. Alikaa huko miezi tisa, kisha akaruhusiwa kurudi kufanya utafiti nyumbani. Mwisho wa kumaliza ulikuwa tarehe 31 Desemba 1995. Baada ya hapo jina lake lingefutwa.

Jirani yake Nabalayo, fundi wa kushona sare za shule, alijaribu kuelewa.

"Ukimaliza utakuwa daktari?"

"Nitakuwa daktari wa shahada."

"Utapasua watu?"

"Hapana."

"Utaandikia watu dawa?"

"Hapana."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitaendelea kuwa nesi."

Nabalayo alikata uzi kwa meno. "Dada yangu," akasema, "hapo umeibiwa."

Mumewe, Absalom Obiero, alikuwa karani wa mizani kwenye uwanja wa kukusanyia miwa upande wa Muhoroni. Alikuja nyumbani Jumamosi akinuka molasi. Alipoelezwa habari ya kilio alivua viatu polepole. "Nyar Awasi," akasema, maana alipenda kumwita binti wa Awasi, "mimi napima miwa, wewe unapima kilio. Watoto wetu wakiulizwa shuleni wazazi wanafanya kazi gani, watasema tunapima. Hilo halina aibu. Lakini miwa ukishaipima unaipeleka kiwandani. Kilio utakipeleka wapi?"

Dorca alisema atakipeleka ng'ambo.

Utafiti wenyewe ulikuwa mwepesi kueleza. Kulikuwa na kliniki ndogo ya watoto pembeni mwa mtaa wa Obunga, vyumba viwili na veranda, na Dorca alipewa ruhusa ya kuitumia siku za Jumanne. Alichukua watoto sitini. Kila mmoja angedungwa sindano zake za wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, zile za dondakoo, kifaduro na pepopunda. Ndani ya mkebe wa maziwa ya unga alitia karatasi sitini. Thelathini ziliandikwa "benchi" na thelathini "kifua". Mama alichota karatasi. Akipata benchi, mtoto alilazwa kama ilivyokuwa desturi. Akipata kifua, mtoto alidungwa akiwa amesimamishwa kifuani pa mamake. Sindano ikichomoka, Dorca alibonyeza saa. Kilio kikikoma, alibonyeza tena. Aliamini moyoni kwamba watoto wa kifuani wangenyamaza mapema, na kwamba baada ya hapo hakuna nesi yeyote angethubutu kuwalaza.

Msaidizi wake alikuwa Laban Waliaula, mtu mzima wa Bungoma mwenye sauti ya mhubiri wa sokoni. Laban alikuwa na kazi tatu: kuandika watoto kwenye daftari la mapokezi, kushika miguu ya wale wa benchi, na kusimama mlangoni kuwaita wale waliokuwa kwenye foleni. Huyu mtu hakujua kuita kwa sauti ndogo. Akiita jina, hata kuku wa nyuma ya posho mill, kile kinu cha unga cha jirani, walinyanyua vichwa.

Jumanne ya kwanza, Februari 1995, ilienda sawa. Ya pili pia. Jumanne ya tatu akaja Lornah, mama kijana wa Obunga aliyekaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta ambayo viwanda vya samaki huitupa baada ya kutoa nyama. Alikuwa na mtoto wa kiume aitwaye Ochieng, na alisindikizwa na mama mkwe wake, Apiyo, bibi kizee mwembamba ambaye watu wote walimwita Dani, yaani nyanya. Karatasi ya Lornah ilisema kifua.

Ochieng alidungwa, akalia. Alilia kama mtu aliyeibiwa ng'ombe.

Sasa ni lazima nieleze jambo ambalo kila mtu aliyekuwa chumbani alilijua. Huku kando ya ziwa kwa Wajaluo, na vilevile kwa wengi wa ndugu zetu Wabukusu waliohamia kutoka magharibi, mtoto mchanga akilia bila kukoma huwa anaomba jina. Kuna marehemu wa ukoo anayetaka kukumbukwa. Wazee huyataja majina moja moja, na lile linalomnyamazisha mtoto ndilo lake. Dorca mwenyewe alipata jina la Adero hivyo, baada ya kuwakesha watu siku mbili.

Kwa hiyo Dani Apiyo aliinama juu ya bega la Lornah na kuanza kazi. Akamtaja mumewe marehemu. Ochieng akalia. Akataja shemeji wawili na mjomba aliyemezwa na ziwa. Ochieng akazidisha. Wakati huohuo Laban, kwa kuwa mtoto wa kifuani hakuhitaji kushikwa miguu, alikuwa amesimama mlangoni na kazi yake nyingine.

"Walubengo!" akaita. "Mtoto wa Walubengo aje kwa mizani!"

Ochieng akanyamaza kama redio iliyotolewa betri.

Dorca alibonyeza saa. Sekunde hamsini na mbili.

"Mmesikia?" Dani akauliza taratibu.

"Mama," Dorca akasema, "huyo Walubengo ni Mbukusu aliyeko nje. Ana mtoto wake."

"Sista, mimi sijasema kitu. Mtoto ndiye amesema."

"Lakini kwenu hakuna Walubengo."

Dani alifumba macho akitafuta. Ilichukua muda, na foleni ilisubiri. "Yuko," akasema hatimaye. "Marehemu mzee wangu alifanya kazi ya reli. Rafiki yake aliitwa Walubengo. Walikula sahani moja miaka saba. Alipokufa huyo rafiki, mzee alisema, yule jamaa bado ana neno na mimi." Akamgeukia mtoto. "Kumbe neno ni hili."

Lornah aliondoka kliniki akiwa na mtoto anayeitwa Walubengo. Wiki ileile Obunga nzima ilikuwa na habari kwamba pale kwa Sista Adero kuna mtu mwenye sauti inayofika kwa marehemu.

Tangu siku hiyo mambo yakaharibika kwa adabu na utaratibu mzuri. Kila mtoto wa kifuani aliingia na nyanya yake, wengine na nyanya wawili. Laban alipoita foleni, nyanya hao walitega masikio. Mtoto wa Kijaluo alinyamazia jina la Kibukusu, na wa Kibukusu jina la Kijaluo, na kila mara ukoo uliporudi nyumbani kuchimba ulipata rafiki, mkopeshaji wa ng'ombe, au mkwe aliyesahauliwa. Nekoye, mke wa fundi baiskeli, alikuwa na binti ambaye hakunyamazia jina lolote, mpaka Absalom, aliyekuwa likizoni wiki hiyo, alipopita kumletea mkewe miwani aliyoisahau nyumbani. Laban alimwona kwa mbali akamkaribisha kwa nguvu zake zote.

"Bwana Absalom! Karibu!"

Binti akanyamaza.

Absalom alipoelezwa alitoka jasho. "Jameni, mimi bado niko hai."

"Hakuna anayekukataza, Mzee," mama mkwe wa Nekoye akamwambia. "Absalom wa Biblia ndiye aliyekufa. Alikufa vibaya, nywele mtini. Ni haki akumbukwe."

"Lakini huyo ni msichana."

"Nywele anazo."

Binti akawa Absalom. Absalom mwenyewe hakukanyaga tena kliniki. Miwani ikisahaulika ilibaki nyumbani.

Dorca alijaribu kuleta nidhamu. Baada ya sindano za wiki ya kumi alipiga marufuku majina. Laban aliamriwa aite foleni kwa namba, tena kwa Kiingereza, lugha ambayo alidhani haina marehemu wa Obunga. Jumanne iliyofuata mvulana mmoja wa kifuani alikuwa akilia, Laban akaita, "Foti Wan!" na mvulana akanyamaza. Nyanya yake aliangua machozi. Alikuwa na kaka aliyefanya kazi ya kibarua kwenye mashamba ya miwa, na huko hakuna aliyejua jina lake. Alijulikana kwa namba ya kipande chake, ile kadi ya kibarua, na namba hiyo, nyanya aliapa mbele ya Mungu, ilikuwa arobaini na moja. Mtoto akaitwa Foti Wan. Padri alikataa kumbatiza kwa jina hilo, wakambatiza kwa jina la Laban.

Huyu Laban alikuwa na moyo mwema, na moyo mwema katika kazi ya maandishi ni hatari. Akina nyanya walikataa kadi za kliniki zenye majina ya zamani. Walisema kumwita mtoto kwa jina la mtu ambaye siye ni kumwitia ugonjwa. Laban akawapa kadi mpya, zenye namba mpya, na zile za zamani akawashia jiko la chai. Zaidi ya hayo, katika daftari la mapokezi hakuwa ameandika majina ya akina mama kama yalivyo kwenye vitambulisho. Aliandika kama watu wanavyoitana: Mama Ochieng, Obunga, nyuma ya posho mill. Ochieng alipogeuka Walubengo, mamake naye akageuka Mama Walubengo, na Mama Ochieng hakuwepo tena duniani.

Dorca aliliona daftari hilo kila Jumanne. Alilisoma bila kushtuka, kwa sababu yeye pia alikuwa mtu wa pale, na Mama Ochieng kwake lilikuwa jina.

Lakini kulikuwa na jambo la pili, zito kuliko daftari. Alijua kuwa majina yalikuwa yanatajwa. Alisikia kwa masikio yake jina likitoka na kilio kikikatika. Katika safu ya sekunde aliandika sekunde. Safu ya maelezo aliiacha wazi. Alijiambia kuwa hizo ni kelele za kliniki tu, kama kuku na redio. Hakusema uongo. Alinyamaza, na mtu anayepima akinyamazia alichokiona, kipimo chake kimeshaanza kusema uongo kwa niaba yake. Mwanamke ambaye kwa miaka ishirini hakufuta neno daftarini aliacha safu nzima nyeupe kwa sababu alitaka sana jambo fulani liwe kweli.

Matokeo yalikuwa mazuri ajabu. Watoto wa benchi walilia kwa wastani wa dakika tatu na nusu. Wa kifuani walilia chini ya dakika moja na nusu. Julai alifungasha karatasi zote akazituma kwa msimamizi wake, mama mmoja mzee wa Kizungu ambaye nitamwita Profesa tu.

Jibu lilikuja Septemba, ukurasa mmoja. Profesa alisema amelinganisha majina ya wiki ya sita na ya wiki ya kumi na nne. Kati ya watoto thelathini wa benchi, wawili tu walikuwa wametoweka. Kati ya thelathini wa kifuani, ishirini na sita walikuwa wametoweka pamoja na mama zao, na nafasi zao kuchukuliwa na watoto wengine ambao hawakuandikishwa kamwe. Aliuliza, kwa heshima, watoto ishirini na sita wamepelekwa wapi. Aliuliza pia Foti Wan ni nani. Alimalizia kwamba atakuja Kisumu Novemba kuwaona watoto kwa macho yake, kwa sababu bila watoto hakuna shahada.

Jumamosi hiyo Absalom aliisoma barua mara mbili.

"Jambo dogo hili," akasema. "Watoto ni walewale. Andika majina ya kwanza kwenye karatasi zote, utume tena. Hujamdanganya mtu."

"Wazazi wameweka dole gumba juu ya majina mapya."

"Dole gumba halisomeki."

"Mimi nalisoma."

"Nyar Awasi, miaka minne. Utaiacha iende kwa sababu ya Foti Wan?"

Dorca alikunja barua. "Waje wote," akasema. "Profesa awaone."

Iliwachukua yeye na Laban wiki tano kuwakusanya. Walizunguka Obunga mlango kwa mlango. Wawili walipatikana mjini kwa shangazi zao, na mmoja alifuatwa mpaka Awasi. Siku ya Profesa, watoto sitini walikuwa uwanjani mwa kliniki, wote sasa wakikaribia mwaka, na akina mama sitini, na nyanya ambao hakuna aliyewahesabu. Profesa alikuwa mrefu, mwenye kofia ya majani na daftari jekundu. Alikaa kwenye kiti verandani. Dorca alisimama kando yake kama mkalimani, kwa kuwa Kiswahili cha Profesa kilikuwa asante na basi.

Profesa alianza na orodha ya wiki ya sita. "Ochieng," akasoma.

Wanawake watatu wakainuka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa Lornah. Watoto wa hao watatu walipata jina la Ochieng baadaye, kwa sauti ya Laban.

"Mama Ochieng, Obunga, nyuma ya posho mill," Profesa akaendelea.

Wale watatu walitazamana. Hakuna aliyekaa nyuma ya posho mill.

"Walubengo," Profesa akajaribu orodha ya pili.

Wakainuka wanne, Lornah akiwa mmoja wao. Mtoto mmoja wa kike aliitikia mwenyewe kwa kupiga makofi. Mtu mmoja kutoka nyuma akauliza kama ni kura za diwani. Profesa alivua kofia, akaivaa tena.

Hapo Dani Apiyo akasimama, akajisogeza mpaka verandani. "Mwambie mgeni aache kusoma makaratasi," akamwambia Dorca. "Karatasi ni ya juzi. Aniulize mimi."

Na kweli, akina nyanya walimaliza kwa saa tatu kazi iliyomshinda Laban mwaka mzima. Mmoja baada ya mwingine walikuja mbele, mtoto kiunoni, wakasema: huyu alizaliwa siku fulani, nyumba ya fulani, akaitwa hivi, akadungwa hapa, akaitwa vile. Kila mmoja alithibitishwa na nyanya wa jirani, ambaye hakumpendelea. Profesa aliandika kila kitu. Jioni ilipoanza kuingia alihesabu, akahesabu tena, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Sitini," akasema. "Ni walewale sitini. Dorca, nakuomba radhi." Akafunua ukurasa mpya. "Sasa ni jambo dogo tu la kufungia. Muulize huyu bibi, mjukuu wake alibadilishwa jina siku gani?"

Dorca akauliza.

Dani Apiyo alikuwa ameketi ngazini amechoka, lakini swali lilimpendeza. "Siku ileile ya sindano," akasema. "Sista, si ulikuwepo? Lornah alikuwa amemkumbatia kifuani, na mtoto analia vilevile. Nikataja mzee, nikataja mjomba, bado analia. Kukumbatiwa hakukumsaidia kitu. Laban alipoita Walubengo ndipo aliponyamaza. Wote wa kifuani walinyamaza hivyo. Wale wa benchi maskini hawakutajiwa, kwa maana Laban alikuwa ameshika miguu."

Nyanya wengine wakatikisa vichwa, ndiyo, ndivyo ilivyokuwa.

Laban aliyaelewa maneno hayo na uzito wake kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliinamisha kichwa akaanza kuchunguza viatu vyake.

"Anasema nini?" Profesa akauliza, kalamu mkononi.

Uwanjani hapo hakuna mtu mwingine aliyejua Kiswahili cha Dani na Kiingereza cha Profesa kwa pamoja, isipokuwa Laban, na Laban hangefungua mdomo hata kwa rungu. Dorca angeweza kusema: anasema ni Jumanne ya tatu ya Februari. Lingekuwa neno la kweli. Profesa angeandika tarehe, angefunga daftari jekundu, na kabla ya Krismasi kungekuwa na daktari wa shahada Kisumu, na manesi wa nchi nzima wangeambiwa wawaache watoto kifuani, jambo ambalo Dorca aliamini, na ambalo mimi pia naamini, ni jema. Najua wasomaji watakaosema angefanya hivyo. Wapo kila ofisi.

Dorca akatafsiri. Alitafsiri maneno yote ya Dani, moja baada ya jingine, hata lile la kukumbatiwa hakukumsaidia kitu. Alipofika kwenye miguu na Laban alieleza kwa urefu zaidi kuliko Dani, ili Profesa asikose kuelewa kwamba watoto wa kifuani walitajiwa majina na wa benchi hawakutajiwa. Kisha akaongeza la kwake: "Na mimi nilisikia. Sikuandika."

Profesa aliweka kalamu chini. Aliwatazama watoto, ambao wengine walikuwa wanakula mchanga.

"Kwa hiyo hatujui," akasema, "ni kifua au ni jina."

"Hatujui."

"Tarehe thelathini na moja Desemba haitasogezwa. Nilishawaomba mara moja."

"Najua."

"Kwa nini umeniambia? Nisingejua kamwe."

"Uliniuliza anasema nini," Dorca akajibu.

Dani Apiyo alikuwa akiwatazama kwa zamu. "Mgeni amesema nini?"

"Amesema kazi yangu imeharibika, Dani. Itabidi nianze upya."

"Na nani aliyeiharibu?"

"Mimi."

"Basi anza," Dani akasema. "Watoto hawajaisha." Akaomba asaidiwe kuinuka, kwa kuwa alikuwa na samaki wa kugeuza jikoni.

Absalom alikasirika siku tatu, jambo ambalo kwake lilikuwa rekodi. Siku ya nne alisema kwamba kwenye mizani ya miwa pia, trekta likipimwa huku watu wamesimama juu ya tela, inabidi lirudi kupimwa upya. Hakusema zaidi. Nabalayo alitaka kujua kama sasa Dorca amerudi kuwa nesi, akaambiwa hakuwahi kuacha.

Januari 1996 chuo kilimwandikia kwamba jina lake limefutwa kwa kupitisha muda, na kwamba akitaka anaweza kuomba upya. Ndani ya bahasha kulikuwa na fomu. Dorca aliijaza mezani Jumapili baada ya kanisa, kwa mwandiko wake ulionyooka. Alieleza utafiti mpya wa watoto tisini katika makundi matatu: benchi; kifua; na kifua na jina. Alieleza kwamba kila mtoto atapigwa alama ya unyayo kwa wino, maana unyayo haubadilishwi na nyanya, na kwamba foleni itaitwa kwa kengele.

Karibu na mwisho fomu iliuliza sababu ya kutomaliza utafiti wa kwanza, na ikaacha mstari mmoja tu wa kujibia. Alifikiri kwa muda mrefu, kalamu juu ya karatasi, kwa sababu hakutaka kupunguza wala kuzidisha. Kisha akaandika: watoto walipata majina.